Tope la Mirongo, matumbawe ya Mafia

Mvua ya usiku imechora mstari ziwani, hapa Mwanza. Pale Mto Mirongo unapomwaga, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mbele kidogo yangali ya kijani. Mawe ya ufukweni yamevaa utelezi, na ukipitisha kidole unabaki mfereji.

Ziwa Victoria halina matumbawe. Hayo ni ya bahari, kule Mafia, Tanga na Unguja. Lakini mawe ya Mwanza yana furu wake, samaki wadogo wa ziwani, na mmoja wao, Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu. Jike humchagua dume kwa wekundu wake. Maji yakichafuka, wekundu hauonekani, naye hujikuta amezaa na dume wa jamii nyingine.

Tumbawe nalo huishi kwa mwanga. Ni mnyama, ila ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaomlisha. Bahari ikizidi nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la mwezi wake wa joto kali, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mwani hutoka na tumbawe hupauka. Joto lisiposhuka mapema, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 Mafia ilipoteza matumbawe mengi hivyo.

Siku hizi kila mtu anataka kupanda matumbawe. Kupanda kwenyewe si kugumu: vipande vya sentimita 5 hadi 10, visivyozidi sehemu moja ya kumi ya tumbawe mama, tena kutoka kwa mama wengi, maana wapo wanaostahimili joto kuliko wenzao. Vinafungwa kwenye kitalu, yaani fremu iliyoinuliwa juu ya mchanga, navyo hukaa humo miezi 6 hadi 12. Mwani wa nje unasuguliwa kwa brashi kila wiki mbili hivi. Ukiachwa, unafunika kipande na kukiua. Konokono walao matumbawe wanaokotwa kwa mkono. Siku ya kuhamishia mwambani, jiwe linakwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka liwe tupu, ndipo saruji ishike. Machi na Aprili, bahari inapokuwa na joto zaidi, ni miezi ya kuacha kupanda.

Wengi hukosea mahali. Penye kifusi cha mwamba uliovunjwa kwa baruti, wimbi huviringisha vipande na kipandikizi husagika; kifusi kinatulizwa kwanza kwa nyavu au mawe mazito. Na penye mdomo wa mto wenye tope, miezi yote ya kitalu inazikwa kwa mvua moja. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake iko nchi kavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Hapa Mwanza ni kazi ya mafunjo, yale majani marefu ya kinamasi: mashina yake yaliyosongamana hupunguza kasi ya maji, tope likatua kabla ya kufika mawe ya furu.

Kando ya Mirongo, yalipofyekwa mafunjo, pamelimwa mchicha hadi majini. Matuta yake ya jana yamo ndani ya ule mstari.