Siku Moja na Trekta Ndogo: Kazi Kubwa Ni Injini Ikiwa Imezimwa

Saa 12 asubuhi. Wengi hudhani dereva wa trekta analipwa kwa kukaa. Saa ya kwanza hakuna kukaa. Mashine iko mahali tambarare, injini baridi: kijiti cha oili kinachomolewa, kinafutwa, kinarudishwa, kinachomolewa tena. Oili iwe kati ya alama mbili, isizidi ile ya juu. Maji ya rejeta, nati za magurudumu, uvujaji chini ya injini. Kikombe cha kioo cha filta ya dizeli nakitazama dhidi ya mwanga: maji hutuama chini, dizeli huelea juu.

Saa 1. Fremu ya kinga, ile ya chuma ya kumlinda dereva trekta ikipinduka, imesimamishwa, mkanda umefungwa. Hivi viwili haviachani. Fremu ikikunjwa, mkanda haufungwi, maana trekta ikipinduka utabaki umefungwa chini yake. Ukizungusha funguo pakawa kimya, usikimbilie kulaumu betri. Kuna swichi za usalama kwenye kiti, kluchi, gia na PTO (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine ya kufyekea), na moja tu ikikataa, starta haipati umeme. Ikilia "tak" mara moja ikanyamaza, hapo sasa kagua vichwa vya betri: unga mweupe, nati iliyolegea. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6.

Kuanzia saa 1 na nusu ni kufyeka nyasi, PTO kwenye mizunguko 540 kwa dakika, mstari baada ya mstari.

Saa 4 na ushei mlio ukaanza kupanda na kushuka, nguvu zikapungua, injini ikazima. Namna inavyozima ndiyo ushahidi wa kwanza. Ingekatika ghafla, ningeanza na swichi ya kiti au waya wa solenoidi ya mafuta, vali ya umeme inayoruhusu dizeli ipite. Ikifa kwa kuchechemea, inanyimwa dizeli. PTO inazimwa, breki ya mkono, funguo mfukoni, kisha kungoja visu visimame kabisa ndipo nishuke.

Mzee mwenye shamba alishafika. "Kijana, piga starta tu, itashika."

Nilipiga, lakini kwa ajili ya kutazama ekzosi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila haiwaki. Kusiwe na moshi kabisa, haifiki. Hapakuwa na moshi. Na starta si ya kung'ang'aniwa: sekunde 10, kisha ipumzike, la sivyo inaungua.

Kikombe kilikuwa na maji, filta nyeusi. Mafuta yalitoka kwenye dumu la Mzee lisilo na kifuniko. "Dumu langu halina shida," akasema, na hapo sikubishana.

Kubadili filta ni kazi ndogo. Kinachokula muda ni hewa iliyoingia. Skrubu ya juu ya filta inalegezwa, pampu ya mkono inasukumwa mpaka mapovu yaishe, na skrubu inakazwa dizeli ikiwa bado inatiririka. Ikikataa, nati za mabomba kwenye nozeli, zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zinalegezwa nusu mzunguko, mtu mwingine anapiga starta, unazikaza moja moja. Mzee akanyoosha kidole kunionyesha panapovuja. Nikauondoa mkono wake. Msukumo wa dizeli pale hutoboa ngozi, na kitobo kidogo kama cha sindano ni cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.

Ikawaka. Sasa jua ni kali na saa siitazami tena. Mshale wa joto ukipanda, PTO inazimwa, injini inaachwa iungurume taratibu, kisha inazimwa na makapi yanakung'utwa kwenye wavu wa rejeta. Kifuniko hakiguswi kikiwa cha moto.

Mzee akaja na mnyororo: ng'oa kisiki, ufunge pale juu. Hapana, Mzee. Mnyororo hufungwa kwenye ndoano ya chini ya kuvutia tu. Ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, kisiki kikigoma, magurudumu ya mbele huinuka na trekta humwangukia dereva kabla mguu haujafika kwenye kluchi. Alinuna mpaka jioni.

Giza linakaribia. Tangi linajazwa sasa, si asubuhi, kwa sababu nafasi tupu hutengeneza umande usiku na umande huo nao huishia kuwa maji ya kikombe. Grisi kwenye viungo vya shafti mpaka ile ya zamani itoke pembeni. Bolti ya kukatika ya mashine ya kufyekea, ile inayokatika kwanza ili gia zipone, imebaki moja. Kesho nitafute nyingine za ugumu ule ule, maana ikiwekwa ngumu zaidi kitakachokatika ni gia.