Nilivyotoka Bujumbura Mei 2015 mpaka Manyovu, wanaosema "kimbilia ziwani" wasome hapa

Kuna jamaa wa hapa Kigoma kila nchi ya jirani ikichafuka anawaambia watu wakimbilie ziwani Tanganyika, panda boti yoyote ilimradi ufike Tanzania. Ushauri huo nilipewa na mimi 2015, nikaukataa, na mpaka leo nashukuru.

Mi ni fundi wa jenereta na mashine za dizeli. Bosi alinituma Bujumbura, Burundi, kwenye ghala moja karibu na bandari. Nilienda nikijua hali si nzuri, maandamano yalishaanza toka mwisho wa Aprili baada ya chama tawala kumpitisha Rais Nkurunziza agombee muhula wa tatu, na WhatsApp na Facebook kwenye simu zilishafungwa, ila kazi ni kazi. Nilifikia mtaa wa Buyenzi kwa fundi mwenzangu mtu mzima, huko Kiswahili ndo lugha ya mtaa na gereji ziko kila kona.

Tarehe 13 Mei mchana niko chini ya mashine, redio ikatangaza Jenerali Niyombare ameipindua serikali. Rais yuko Dar kwenye kikao cha Afrika Mashariki. Watu wakamwagika barabarani wanashangilia, wengine wamepanda juu ya magari, madereva wa pale ghalani nao wakaniita twende. Mzee wangu wa Buyenzi akanipigia, akasema "mwanangu, funga vifaa urudi nyumbani, sherehe ya leo hatujui ya nani." Nikafunga.

Kesho yake milio ilianza alfajiri upande wa redio ya taifa na haikukata. Redio binafsi zikashambuliwa, kwahiyo habari tukawa tunazipata kwa jirani na SMS tu. Bosi anapiga simu eti nenda uwanja wa ndege, wakati ndege ya rais mwenyewe iliondoka Dar ikashindwa kutua ikarudi!! Mwingine ndo huyo wa boti, eti shuka Kagunga, kijiji cha Tanzania ufukweni karibu na mpaka. Mimi Kagunga naijua, barabara ya gari haina, nyuma mlima mbele maji, na wakimbizi walishajaa makumi elfu pale ufukweni. Siku hizo hizo kipindupindu kikalipuka. Meli ya Liemba ilikua inabeba kama mia sita kwa safari na lazima ipaki mbali, watu wapelekwe kwa mitumbwi. Sasa mtu mzima mwenye pasi na afya yake aende kugombania nafasi na mama mwenye mtoto mgongoni? Hapana.

Tarehe 15 mapinduzi yakawa yameshindikana, rais karudi. Nikajaribu kutoka kwa teksi, tukaishia Kanyosha, magogo na matairi yanawaka, dereva akageuza bila hata kuniuliza. Hela yake nilimpa yote, alikua na haki.

Usiku mzee akaniambia gari la mtu mmoja mmoja linatia shaka, panda na wafanyabiashara wa mawese, hao kila mtu njiani anawajua. Alafu akanipa kazi kabisa, Rumonge kuna mashine ya kukamulia mawese imekufa pampu, yeye alikua na pampu nzima, niipeleke nikaifunge. Pampu ikaingia kwenye gunia, nikaipakata, dizeli inavuja mpaka suruali yote imelowa. Yani ile harufu ndo ilikua kitambulisho changu. Kila kizuizi kijana anafungua gunia, anashika, mkono unachafuka, anafunga. Wananiuliza unatoka wapi, najibu taratibu kwa Kiha, lugha yetu ya Kigoma inayokaribiana na Kirundi, Kigoma, fundi, naenda Rumonge kufunga pampu, na ni kweli tupu sikuongopa neno. Simu nilizima nikaiweka chini kabisa ya boksi la spana, maana ukionekana umeishika wanahisi unapiga picha. Hela niligawa sehemu tatu, ya mfukoni kidogo tu ya kuonekana.

Rumonge nikaifunga ile pampu, mashine ikawaka, wakanilisha ugali na mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga na wakanitafutia gari la Nyanza-Lac. Toka pale mpaka mpakani Mugina nauli ilikua imepanda sijui mara ngapi, kama elfu ishirini za faranga hivi, usibishane nauli siku kama hizo. Njiani watu wanatembea na magodoro kichwani, watoto wamebeba sufuria, nilishuka nikampisha bibi mmoja siti nikasimama kwenye bampa mpaka juu.

Manyovu, upande wetu wa mpaka, askari wetu akaangalia pasi, akaangalia suruali, akaniambia "pole sana fundi, maji yako pale, nawa." Faranga zilizobaki nikabadilisha kwa hasara, nikapanda gari la Kigoma mjini. Uwanja wa Lake Tanganyika nikaukuta umejaa waliotoka Kagunga wanasubiri mabasi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wengi wao Kagunga ilishawachukulia ndugu. Kwahiyo kaka unaetuma watu ziwani, kwanza uliza wanashukia wapi.