Kamba moja, majina matatu

Kiingereza cha kuongea nilikijua kabla ya kile cha kuandika. Miaka tisa nabeba wageni kwa mashua ya ami yangu, kutoka Lamu mjini kwenda Shela, Manda na Kipungani, na sijamwona mgeni aliyeshuka eti hatukuelewana. Basi nilipojiandikisha kufanya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kujitegemea (shule niliiacha kidato cha pili, mambo ya karo), nilidhani Kiingereza kitakuwa mteremko. Iliyokuwa ikininyima usingizi ni hisabati.

Zoezi la kwanza la sarufi nikapata 4 kwa 15. Alama 15 ndizo za sarufi katika karatasi ya pili, na mara nyingi kuna maswali yanayokupa neno, tuseme decide, halafu unaachiwa pengo ulijaze kwa umbo lifaalo. His … surprised us. Mimi nikaandika decided. Mwalimu wa masomo ya jioni akaniuliza, "Pengo hili linataka neno la aina gani?" Nikabaki kumtazama.

Nikaingia kukariri. Nilichora safu nane daftarini, nomino hadi kihisishi, kila neno nikalipa safu yake. Orodha ile ndiyo iliyonipoteza. Friendly nililitia kwenye vielezi kwa ajili ya mkia wake wa -ly, kumbe a friendly donkey ni punda mpole, na mpole ni kivumishi. Fast nikalitia kwenye vivumishi, ukurasa wa pili nikakuta he runs fast, mtu anakimbia mbio, kielezi hicho. Na hardly! He works hard ni mchapakazi. He hardly works ni yule jamaa yetu wa barazani asiyenyanyua hata ndoo. Hard na hardly hapo yote mawili ni vielezi, na moja halina mkia kabisa.

Siku moja ya kusi tulikuwa tumetia nanga nje ya Manda, wageni wanaogelea. Kamba ya nanga ilikuwa imelika, Ami akaifungua, akaleta nyingine kutoka tezini. "Ndoo ushike amari hini," yaani njoo ushike kamba hii ya nanga.

"Ami, hii si ile demani ya tanga la zamani?"

"Ilikuwa demani. Sasa iko nangani, ni amari. Kesho nikipandishia foromali, ule mti wa tanga, utaiita henza."

Alisema hivyo huku anakaza fundo, wala hakujua amenifundisha nini. Kamba ni ile ile. Jina inalipata pale inapofungwa. Mimi nilikuwa nikiyapa maneno jina yakiwa bado yamekunjwa pembeni, hayajafungwa popote.

Usiku ule nikaanza na neno la kazini kwangu, sail. The sail is torn: tanga limechanika. We sail at four: tunang'oa nanga saa kumi. La kwanza lina the mbele yake na naweza kulifanya sails, matanga. Basi hapo ni nomino. La pili naweza kulivika -ed, we sailed, na lina mtendaji mbele yake, kitenzi. Anchor nalo lilikubali mambo hayo hayo. Orodha nikaichana.

Nadhani kinachotuponza ni kwamba Kiswahili kinavalisha maneno. Ukisikia tunasafiri, msafiri, kusafirishwa, vazi lenyewe limekwambia. Neno la Kiingereza mara nyingi linatembea kifua wazi, lazima uangalie limekaa kiti gani. Ingawa hata sisi tunayo: katika "mtoto huyu amelala" huyu ni kivumishi, katika "huyu amelala" ni kiwakilishi. Hilo nilifundishwa shuleni na nikalipata vizuri, sikuwahi tu kulivusha upande wa pili.

Tangu hapo kila neno naliuliza linamfanyia nani kazi. Kulitangulizia neno very kulinisaidia, ila si kwa yote: very inakubali friendly na inakubali slowly pia, kwa hiyo bado inabidi nitazame kama neno linamweleza punda au mwendo wake. After natazama kinachofuata: after lunch ni kihusishi, after we ate ni kiunganishi, kwa kuwa nyuma yake kuna sentensi nzima. Nilijitungia moja ya visima vya Shela: Well, the well was well dug, yaani haya, kisima kilichimbwa vizuri. Well tatu: kihisishi, nomino, kielezi. Nilimsomea Ami, akasema Waingereza walikuwa na uhaba wa maneno.

Na lile pengo la kwanza? His hapo ni kama mtu aliyetangulia mlangoni, anayekuja nyuma ni mali yake. Mali ni nomino: decision.

Zoezi la juzi nimepata 12. Katika tatu nilizokosa kuna up. Climb up the mast ni kihusishi, mlingoti huo unafuata. Pull it up, hakuna kinachofuata, ni kielezi, na mimi kote niliandika kihusishi. Kesho nina wageni wanne wa Manda saa moja asubuhi. Daftari limo ndani ya kopo la biskuti, chini ya kiti cha usukani, maji yasilifikie.