Matangi yameng'olewa, maji je?

Kituo cha mafuta kikifungwa na matangi yakafukuliwa, wengi hudhani yamekwisha. Petroli iliyovuja hushuka mpaka kwenye maji ya chini, ikaelea juu yake kwa kuwa ni nyepesi. Benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, huyeyuka na kusafiri na maji.

Chimba visima vya uchunguzi visivyopungua 3, visikae kwenye mstari mmoja, la sivyo hutajua maji yanaelekea wapi. Sehemu ya bomba la kisima yenye matundu ianzie juu ya usawa wa maji na kushuka chini yake, masika na kiangazi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: matundu yakizama yote, petroli inayoelea haiingii kisimani, na ripoti inaandikwa "hakuna mafuta".

Pima unene wa mafuta kwanza. Kisimani kwa kawaida huzidi ule uliomo udongoni, kwa hiyo usikimbilie kupiga hesabu za lita.

Sampuli ichotwe kwa pampu ya polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, mpaka pH (kipimo cha uchachu wa maji) na upitishaji umeme vitulie. Kopo la kutumbukiza huvuruga maji, benzini ikapotelea hewani. Chupa ni za mililita 40 zenye asidi ya hidrokloriki: zijae pomoni bila kufurika, maana asidi itatoka. Funga, pindua, ukiona kiputo, chota nyingine. Weka kwenye barafu, zipimwe ndani ya siku 14.

Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita. Marekani ni 5.