Mabakuli ya Wajima

Tetemeko lilipopiga rasi ya Noto, nchini Japani, tarehe 1 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, nilikuwa chumbani kwangu Kanazawa, mwaka wa pili wa masomo. Taa iliyumba muda mrefu hata nikakaa sakafuni. Usiku ule runinga ikaonyesha mtaa wa soko la asubuhi la Wajima, mji wa hukohuko Noto, ukiteketea. Mtaa ule nilikuwa naujua. Vuli iliyotangulia nilisimama pale mezani pa mama mmoja nimeshika bakuli la supu, jekundu, jepesi ajabu, bei ikanishinda.

Babu yangu alikuwa mchonga mpingo pale Mwenge, Dar es Salaam, kwa hiyo kazi ya mbao huwa naitazama kwa muda. Bakuli la Wajima linapita hatua zaidi ya 100, mikononi mwa mafundi mbalimbali. Anayechonga mbao si anayepaka, na anayepaka si anayetia dhahabu. Ukingo hubandikwa kitambaa, kisha hupakwa utomvu wa mti wa urushi uliochanganywa na unga wa udongo wa hukohuko, uliochomwa na kusagwa. Na utomvu huo hauanikwi juani. Hukauka ndani ya kabati lenye joto na unyevu, jambo ambalo babu asingeliamini.

Nilitaka kwenda kusaidia kesho yake. Sikwenda, na nashukuru. Barabara zilikuwa zimekatika, na serikali ya mkoa wa Ishikawa iliomba watu wasijiendee wenyewe, njia chache zilizobaki ziachiwe waokoaji. Nikajiandikisha mkoani, nikakata bima ya wanaojitolea, nikangoja. Zamu yangu ilifika Mei. Basi liliondoka Kanazawa alfajiri, kila mtu na chakula chake na maji yake, barakoa ya vumbi, glavu nene, na buti zenye bamba la chuma kwenye soli kwa sababu ya misumari.

Kundi letu lilipangiwa karakana ya mzee mmoja iliyoinama upande. Kazi ilikuwa kutoa vitu na kuvitenga: mbao huku, vigae vyeusi vya paa kule, vioo peke yake. Nilikuwa na nguvu na haraka. Nikabeba sanduku la mabakuli yaliyojaa vumbi la ukuta moja kwa moja hadi kwenye lundo la taka.

"Hayo bado," mzee akasema.

Niliona aibu kubwa. Nikachukua kitambaa nianze kuyafuta, akanishika mkono. Vumbi lile lina chembe za udongo na mchanga. Ukilisugua ni kama umepiga msasa. Kwanza maji ya vuguvugu yapite juu yake, vumbi liondoke lenyewe, ndipo upanguse kwa kitambaa laini. Bakuli usiliache limelowekwa. Tulikaa naye kwenye beseni karibu saa nzima, na kila bakuli alilipitishia kidole ukingoni kabla ya kuamua: hili zima, hili linaweza kupakwa upya, hili basi. Yale ya "basi" yalikuwa machache kuliko nilivyodhani.

Tangu hapo sikugusa kitu bila kuuliza, "Nitupe, au nitunze?" Sentensi hiyo ya Kijapani niliifanyia mazoezi ndani ya basi mpaka ikatoka vizuri. Inachelewesha kazi, na naamini ni sawa ichelewe. Nyumba ni ya mwenyewe, hata ikiwa imelala chini.

Tarehe 21 Septemba mvua kubwa ikaipiga Wajima tena, mito ikafurika, maji yakaingia hata kwenye nyumba za muda za walionusurika tetemeko. Nilirudi na koleo, safari hii nyumba nyingine. Chini ya tope, nyuma ya kabati, nikakuta sinia jeusi. Sikulifuta. Niliita mwenye nyumba, nikaomba ndoo ya maji ya vuguvugu.