Nani kaua, wapwa zangu?

Jumamosi usiku, Dartmouth.

Leo nimekwenda Greenway, nyumba ya Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, kando ya mto Dart, kule Devon, Uingereza. Nimeiweka safari hii moyoni tangu nikiwa mtoto, na sitaki kulala kabla sijaiandika.

Nilipanda boti asubuhi, manyunyu yakidondoka. Dart hapo si mto wa kuteremka tu. Bahari huuingia ikautoka, na tulipofika gatini maji yalikuwa yamekupwa, matope yameachwa wazi yananuka chumvi na mwani. Mimi nimekulia Pangani. Kabla sijaiona nyumba yenyewe nilikuwa nimeshafika kwetu.

Kutoka gatini unapanda mlima kati ya miti mikubwa, halafu nyumba inatokea ghafla, nyeupe, imeutazama mto. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 18. Agatha, aliyezaliwa Torquay mwaka 1890, si mbali na hapo, aliinunua mwaka 1938 pamoja na mumewe Max Mallowan, mwanaakiolojia, kwa pauni 6,000. Familia iliikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, mwaka 2000.

Katika maktaba nilisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wakati wa Vita vya Pili nyumba ilichukuliwa na serikali, wakakaa maofisa wa kikosi cha Marekani cha ulinzi wa pwani, waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Ufaransa. Mmoja wao, Luteni Marshall Lee, alichora juu ya kuta, chini kidogo ya dari, mahali pote kikosi chao kilipopita, kuanzia Key West, Marekani, hadi nyumba hii hii ikichungulia katikati ya miti. Vita vilipokwisha jeshi la majini lilitaka kupaka rangi juu yake. Agatha alikataa. Nilimpenda kwa hilo. Nyumba yake ilikuwa imekaliwa na wageni asiowaalika, naye akaona walichokiacha kina haki ya kubaki.

Kuna mengi mengine: kofia ukumbini, nguo zake bado kabatini, piano ambayo aliona haya kuipiga mbele za watu. Nimeyapita haraka, kwa kuwa kilichonileta kilikuwa sebuleni.

Wengi hudhani Greenway ndipo alipoandikia. Kumbe palikuwa pa kupumzikia, na jioni, baada ya chakula, aliwasomea jamaa zake sura za kitabu ambacho hakijachapwa bado, nao wakabahatisha muuaji ni nani. Niliposikia hayo ilibidi nikae kwenye kiti cha wageni pale dirishani.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na vitabu vitatu vya Agatha Christie, vimeshonwa upya kwa uzi wa kushonea nyavu, na usiku alitusomea barazani kwa mwanga wa chemli. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa Kiswahili cha Pangani, papo hapo, bila kukwama. Kanali wa Kiingereza aliongea kama mzee wa mtaani kwetu. Zikibaki kurasa chache alikifunga kitabu, kidole chake kikiwa ndani, akauliza: "Haya, nani kaua, wapwa zangu?" Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kulala bila kutaja jina na kutoa sababu. Ukisema tu "namhisi", alikurudisha: "Kuhisi hakutoshi. Umeona nini?"

Mjomba hayupo sasa. Hakuwahi kujua kwamba mwandishi naye alifanya vivyo hivyo, hapa, na watu wake.

Mchana niliteremka hadi banda la mashua, lile ambamo msichana anauawa katika *Dead Man's Folly*, kitabu cha mwaka 1956. Juu pana chumba chenye baraza ya kutazamia mto. Chini pana bwawa la kuogea lililojengwa kwa mawe, na bahari ikijaa ndiyo inayolijaza. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Nilichuchumaa nikayatazama yakiingia, polepole, bila kelele, kama yanavyoingia kwetu chini ya mikoko.

Nikamtumia dada ujumbe wa sauti: unakumbuka mara ya mwisho, ile usiku wa mvua, ulimtaja nani?

Nilitaka kuvukia Dittisham, ng'ambo. Pale gatini pana kengele: unaigonga, mwenye boti akisikia anakuja kukuchukua. Pangani, boti ikiwa upande wa Bweni, sisi tuliita kwa mikono mdomoni. Niligonga mara mbili. Boti ilipokuwa katikati ya mto simu ikalia, sauti ya dada, nyuma yake jogoo na watoto.

"Nilimtaja mke wa mwenye nyumba, mdogo wangu. Wewe ukalia, ukasema hawezi, ana huruma. Mjomba akakuuliza umeona nini, ukasema aliwalisha ndege."