Siku nane za kugeuka jiwe

Wacha niseme mapema, mimi sio fundi wa chochote. Nafanya kazi kwa saiba huku Umoja, naprintia watu barua za kazi na kuwajazia ritani za kodi za KRA, kosplei, yaani kujitengenezea mavazi na kuwa mhusika wa hadithi, ni kitu nafanya usiku nikishafunga. Lakini Jumamosi iliyopita nilipanda steji ya mashindano Westlands nikiwa Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Kijaluo, jiwe kuanzia shingo hadi magoti, kivuli changu kikiburutwa nyuma yangu kwa sakafu, na bado nasikia raha nikikumbuka kwa hivyo mtanivumilia nikijisifu kidogo.

Wazo lilikuja Ijumaa ya wiki iliyotangulia, yaani zimebaki siku nane. Mtu fulani alikuwa amesema sisi wa Nairobi kazi yetu ni kuiga Wajapani tu. Nikakasirika. Kweli neno kosplei ni la Wajapani, waliunganisha mavazi na mchezo wakalifupisha, lakini mashujaa si tunao? Dani yangu, yaani nyanya, alikuwa akitupigia hadithi ya Luanda Magere tukiwa wadogo mpaka tunaogopa kwenda choo. Kwa wale hawakulelewa na dani: Luanda kwa Kijaluo ni jiwe, na huyu mzee wa Kano alikuwa na mwili ambao mkuki ukiugonga unadunda. Adui zake Walang'o wakachoka, wakampa msichana mrembo aolewe naye. Siku moja akaugua, akamwambia bibi asimchanje mwilini, achanje kivuli. Bibi akachanja, damu ikatoka kwa kivuli. Usiku huo akatoroka akawaambia watu wa kwao, na vita iliyofuata mtu akaachana na mwili akachoma kivuli. Kwisha. Akageuka jiwe kabisa, na wanasema jiwe lenyewe liko huko Kano na wawindaji walikuwa wakinoa mikuki juu yake.

Sasa wewe niambie, kuna vazi tamu kuliko hilo?

Shida ilikuwa kutengeneza jiwe ambalo mtu anaweza kulivaa akapanda matatu. Nikauliza kwa grupu yetu ya WhatsApp. Kuna jamaa huko ndani, kila grupu iko na wake, yule anajua kila kitu na hakuna siku umeona kitu ametengeneza. Akanitumia voisinoti ya dakika nne, eti niagize sponji maalum kutoka Marekani, inafika baada ya wiki tatu. Nikamwambia boss, nina siku nane. Akasema basi chukua ile nyeupe ya kupakia tivi, chonga na kisu, puliza rangi ya kopo, imeisha.

Imeisha.

Nilienda Luthuli jioni hiyo hiyo nikaombaomba kwa maduka ya tivi, wakanipa magunia mawili bure, walifurahi hata kuondolewa takataka. Jumamosi na Jumapili nikachonga. Ndugu zangu, ile kitu ukiikata inatoa chenga ndogondogo zinazoshika kila mahali, zilikuwa kwa nywele, kwa blanketi, kwa chai, nilipika ugali Jumapili na nikala chenga. Lakini kifua kilitoka! Nilikaa nikikiangalia kama mtu amepata mtoto. Mabega, kifua, miguu miwili upande wa mbele, vyote vimechongwa mawe mawe, nikapiga picha nikapost, watu wakaweka mioto.

Jumatatu nikanunua kopo la rangi ya magari ya kijivu pale Grogan, kama soo nne hivi, yaani shilingi mia nne, nikapanda nalo juu ya paa kwa kamba za nguo. Nikatikisa. Nikapuliza. Sekunde mbili tatu hakuna kitu, nikaona inaanza kumetameta, nikasema eeh inakubali. Halafu nikasikia sauti, kitu kama mafuta yakiwa karibu kuchemka, na pale katikati ya kifua pakaanza kuzama. Polepole. Shimo likafunguka lenyewe kama jicho. Sasa mtu mwenye akili angeacha, mimi nikasema labda nimepuliza nikiwa karibu sana, nikarudi nyuma hatua mbili nikapuliza tena, sasa yote. Kilichobaki kilikuwa kama mandazi imekanyagwa na lori. Baadaye ndio nimejua ile nyeupe ni hewa, asilimia 98 hewa tupu, plastiki yenyewe ni ukuta mwembamba tu wa vipovu, na dawa inayotumika kulainisha rangi ya kopo inaiyeyusha papo hapo. Na sikukoma hapo. Mguu mmoja ulikuwa umepona, umevunjika tu, nikaupaka gundi ya viatu niuunganishe. Gundi nayo ikaula mguu.

Nikamtumia jamaa picha. Akajibu, "Ungeanza na rangi ya maji." UNGEANZA. Siku nne zimeenda, mimi nakula ugali wa chenga, na wewe sasa ndio unaniambia ningeanza.

Jumanne asubuhi nikiwa natupa maiti kwa taka, mzee anayeshona viatu hapo chini ya ploti akaniita. "Kijana yangu, hiyo ni ya kubebea tivi, sio ya kuvaa." Nikamweleza yote, na heshima, kwa sababu ni mzee na nilikuwa karibu kulia. Akatoa sandali kwa sanduku lake, akaikunja soli mpaka ikagusana, akaiachilia ikarudi. Akasema tafuta kitu ya aina hii. Na hapo ndio nikajua ile sponji ya kuagizwa Marekani kumbe ni ndugu ya soli ya sandali! Ni EVA. Hata ile mikeka ya watoto ya kuunganishwa, yenye herufi A B C, ni hiyo hiyo. Saa sita nilikuwa Gikomba, nikapata mikeka mitatu imetumika, mmoja unanuka maziwa, yote kwa thao moja na kitu baada ya kubishana sana. Pinki, kijani, manjano. Luanda Magere wa nasari.

Kupima mwili, binamu yangu alinifunga na ile plastiki ya kufunika chakula, akazungushia seloteipu juu, tukachora mistari, akakata mgongoni, ukifungua unapata sampuli ya mwili wako wote. Usimpe hiyo kazi mtu mcheshi, na nenda choo kwanza.

Gundi ni ile ile ya mzee wa viatu na alinifundisha kitu ambacho miaka yote nimekuwa nikikosea. Mimi nilikuwa napaka upande mmoja nafinyilia ikiwa mbichi, halafu nashangaa mbona inaachia. Unapaka pande zote mbili, unangoja dakika kumi hivi mpaka ukigusa na kidole haikufuati, ndio unaunganisha. Na ikishashikana imeshikana, hakuna kusema ngoja nisongeze kidogo. Bega la kushoto niliunganisha likiwa limepinda na limepinda hadi leo. Fungua dirisha, tafadhali. Mimi nilifunga kwa sababu ya baridi na kufika saa nne usiku nilikuwa nacheka peke yangu na kichwa kinapasuka, jirani akaja kugonga akisema watoto wake wanakohoa, nikaomba msamaha nikahamia kwa korido.

Ili EVA ikae umbo lazima uipashe moto. Drayer ya nywele haifiki, nimejaribu, unapata sponji yenye joto basi. Lakini fundi wa simu wa mkabala na saiba yetu ako na blowa, ile ya hewa moto ya kutoa vitu kwa bodi. Nikamwomba. Akaniangalia kama nimemwomba figo. Mwishowe akakubali kunipa Jumatano saa mbili usiku akishafunga, irudi saa moja asubuhi, na nikipoteza nozo, ule mdomo wake, nalipa. (Nozo sijaiona tangu siku hiyo. Tunazungumza.)

Hapa sasa ndio pale ninapenda. Unapasha kipande na blowa mpaka ile ngozi ya juu inaanza kung'aa kidogo, halafu kabla hakijapoa unachukua foili ya kufungia nyama, umeifinyangafinyanga ikawa mpira wenye makunyanzi, unaibonyeza na nguvu zako zote. Ukitoa foili, makunyanzi yamebaki. Ni jiwe! Nilibonyeza moja nikaita binamu, nikabonyeza ya pili tukapiga kelele. Unageuza ule mpira kila mara ili alama zisifanane, na pale unataka ufa unakata juu juu na wembe kabla ya moto, moto wenyewe unaufungua. Wembe badilisha kila saa, EVA inaufanya butu haraka na wembe butu unararua.

Nilikuwa nimemaliza kifua na bega moja, saa tano kasoro, stima ikapotea. Ploti nzima ikasema "aaah."

Tulikaa gizani kama dakika ishirini tukingoja irudi, haikurudi. Binamu ndio akasema, si mama wa chini hukaanga viazi, na jiko lake huwa na makaa mpaka usiku? Tukashuka tukamwomba. Akatuuliza tunataka kupika nini saa hizo, nikasema, "Mathe, tunapika jiwe," akacheka akatupa. Tukabeba jiko hadi juu ya paa, hewa ikipita, usithubutu kufanya hiyo kitu ndani ya nyumba, na tukawa tunashika vipande na koleo juu ya makaa, mbali kidogo, ukihesabu mpaka kumi na mbili. Kimoja kilishika moto. Kimoja kiliungua pembeni kikawa cheusi na ndicho kipande kizuri kuliko vyote, kiko kwa goti la kulia. Saa tisa usiku tulikuwa tumemaliza. Stima ilirudi saa kumi.

Alhamisi ilikuwa ya kuziba, kwa sababu EVA inakunywa rangi kama chapati inavyokunywa mchuzi. Unapaka gundi nyeupe ya mbao umeichanganya na maji kidogo, mara tatu nne, ikikauka kila mara. Watu watakuambia hiyo gundi ni mbaya, ukijikunja inapasuka nyufa. Ndio, inapasuka. Mimi ni jiwe! Nilizikunja makusudi. Kukausha nilipeleka vipande kazini nikaviweka nyuma ya kompyuta pale hewa moto inatokea, bosi alikuwa Machakos, Mungu anipe nini.

Rangi ilikuwa emalshen ya kijivu iliyobaki kwa keateka wa ploti yetu, alinipa robo kopo kwa soo mbili, kwa hivyo nikisimama kwa korido yetu naweza kupotea kabisa. Juu yake rangi nyeusi nimeilegeza na maji, unapaka, unapangusa na tambara, ile nyeusi inabaki kwa mashimo. Halafu sponji ya vyombo na nyeupe kidogo sana kwa zile sehemu zimeinuka. Mzee wa viatu akaongeza yake, polishi nyeusi kwa nyufa na kitambaa, ikatoa kiza fulani rangi haiwezi. Ila polishi haikauki vizuri. Jumamosi kuna dada alinikumbatia akiwa na shati jeupe na sitaki kuongea juu ya hiyo.

Nilijua nimeweza Ijumaa asubuhi, mteja wa kuprinti aliniuliza mbona nabeba mawe kazini.

Kivuli sasa. Nilitaka kiwe changu kabisa, sio cha kubuni. Lakini hapa Nairobi saa sita mchana kivuli kinajificha chini ya viatu, jua liko karibu juu ya kichwa, na jioni kinakuwa kirefu kama twiga. Ile saa kinakaribia urefu wako ni kama saa tisa na nusu. Nikaaga kazini eti naenda posta. Tukatandika kitambaa cheusi juu ya paa, nikasimama na mkuki wangu, paipu ya maji nusu inchi na ncha ya sponji, binamu na chaki mkononi, na wingu likaja. Dakika arobaini nimesimama kama sanamu, kofia kichwani, manyoya yake yametoka kwa vifagio viwili vya kupangusia vumbi. Jua likatoka kidogo tu, akachora mbio mbio, ndio maana kivuli changu kina mkono mmoja mnene. Pale kwa kifua tukapasua mkato na kushonea nyuzi nyekundu zinachungulia. Tukakifunga kwa visigino na velkro.

Jumamosi konda alinitoza viti viwili. Askari wa mlangoni naye akaona mkuki akaweka mkono kifuani kwangu, "Kijana, na hii?" Nikaikunja ncha mara mbili mbele yake. Akaikunja mwenyewe. Akamwita mwenzake aje akunje, halafu wakataka picha.

Kwa steji mpango ulikuwa binamu atokee nyuma achome kivuli, nianguke. Binamu alikuwa kwa laini ya choo. Nimesimama hapo, muziki unaisha, mtoto mdogo wa safu ya mbele akapanda akakanyaga kivuli pale pale kwa ule mkato, akaniangalia. Nikaanguka na uzito wote. Ukumbi ulipiga makelele mpaka nikasahau kuumia, na bega lile lililopinda likafunguka, ndani ikaonekana herufi Q ya kijani.

Sikushinda, aliyeshinda alikuwa na mabawa yanawaka taa, na aliyafanyia kazi miezi mitano kwa hivyo sina neno. Jamaa wa voisinoti alinitafuta usiku huo huo, anataka kujua lile jiwe nililitoa wapi. Nikamwambia niliagiza Marekani, wiki tatu tu.